Maneno Kumi na Manne ya Mama Drusilla Nyanchama

Alizaliwa Sironga, nje kidogo ya mji wa Nyamira, mwaka 1948, wimbi likiwa limeiva na watoto wakishinda mashambani kufukuza ndege. Baba yake alikuwa Manasseh, katekista wa kigango, mtu aliyelelewa na wazazi Waadventista, na ambaye alipojiunga na Kanisa Katoliki akiwa kijana hakubadilisha jina lake wala hakuacha kuwapa watoto wake majina ya Biblia. Ndiyo sababu binti yake wa tatu akabatizwa Drusilla. Nyanchama ni jina la bibi yake. Kaka zake wawili walipelekwa shule; yeye alibaki nyumbani kumbeba mtoto wa mwisho mgongoni, na kwa hiyo akafika utu uzima bila kujua kuandika hata jina lake. Tunalitaja jambo hili mwanzoni, kwa maana utukufu wa maisha yake hauwezi kueleweka na mtu asiyelijua.

Siku hizo sala za Kanisa zilisomwa kwa Kilatini. Padri alifika kigangoni mara moja kwa mwezi, kwa pikipiki, na katikati ya ziara zake ni katekista aliyewazika wafu. Manasseh alipokwenda kuzika, Drusilla alimfuata akiwa amebeba kindoo cha maji ya baraka na tawi la kunyunyizia. Alisimama kando ya kaburi kati ya migomba, akasikia baba yake akifunga ibada kwa maneno yale yale kila mara: *Requiem aeternam dona eis, Domine, et lux perpetua luceat eis. Requiescant in pace. Amen.* Alipofika umri wa miaka sita alikuwa ameyashika yote, naye aliyasema akichota maji, akisaga na akimbembeleza mtoto. Alijua kwamba ni sala ya marehemu. Zaidi ya hapo hakuuliza, na katika nyumba ile hakuna mtoto aliyemhoji baba yake juu ya mambo ya altare.

Mwaka 1965 Manasseh aliugua homa ya mapafu. Wakati huo lugha za watu zilikuwa zimeanza kuingia kanisani, na wengi walifurahi, naye pia alifurahi. Lakini siku mbili kabla ya kufa alimwita Drusilla akamketisha karibu na kitanda. “Mwanangu,” alisema, “wenye vyeo wameachiwa vyeo, na kaka zako wataachiwa shamba. Wewe nakuachia maneno yangu. Popote utakapoolewa, usipite kaburi kimya.” Drusilla aliahidi. Ahadi hiyo ndiyo wito wake, nayo aliishika kwa uaminifu katika kila kaburi alilopitia, isipokuwa moja.

Aliolewa mwaka 1967 na Mokua, mkulima wa chai katika kilima kimoja juu ya soko la Ekerenyo. Mama mkwe wake aliitwa Ruth. Mama huyu alikuwa mkunga wa kilima kizima. Wakatoliki na Waadventista walizaliwa mikononi mwake bila ubaguzi. Siku Drusilla alipoletwa, wanawake wa ukoo walimzunguka kumpima kwa macho, na mmoja akasema kwamba bibi arusi ana mikono myembamba, hataweza kuchuma chai. Ruth akamjibu: “Mikono hiyo ni ya binti yangu. Ukitaka kuhesabu vidole, hesabu vya binti zako.” Tangu siku ile wawili hao walikula chungu kimoja. Wanaomkumbuka Ruth wanasema Drusilla alijifunza utakatifu kwa baba yake, na wema kwa mama mkwe wake.

Kisha ukaja mwaka 1981, mwaka wa surua. Katika majuma matano watoto saba wa kilima kile walikufa, na wanne kati yao walikuwa wamepokelewa na Ruth walipozaliwa. Mzee Nyasani, jirani wa upande wa chini, alizika wajukuu wawili siku moja. Uchungu ulimpotosha. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba mkono unaopokea mtoto ndio unaojua njia ya kumrudisha. Neno hilo lilitosha. Vijana walikwenda kwa Ruth na moto. Ruth alikuwa na miaka sabini na miwili. Alitoka kwa mlango wa nyuma na kikapu kimoja, akashuka bondeni, na hakurudi tena. Alifariki miezi mitatu baadaye karibu na Sondu, katika nyumba ya watu waliomhurumia, akazikwa mahali wanapozikwa wasio na kwao. Msomaji Mgusii hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mama aliyezaa wanaume watano akalala nje ya boma lake, kama mgeni aliyefia njiani! Mokua alitafuta kaburi lile mara mbili, akarudi bila kuliona. Tangu hapo alipungua mwili kidogo kidogo hadi alipofariki mwaka 1990.

Ujane wa Drusilla ndio ulioanzisha desturi iliyomfanya ajulikane. Kila Ijumaa, siku ya mateso ya Bwana, Mama Drusilla alichuma chai tangu asubuhi, akaipeleka kwenye kituo cha kununulia chai, akanawa mikono, kisha akaanza kuzunguka kilima. Kwa kuwa kwetu marehemu hulala katika boma lake mwenyewe, ilimbidi apite boma kwa boma. Alipiga hodi, akaamkia wenyeji, akang'oa magugu juu ya kaburi la nyumba ile, akasimama wima, akasema maneno ya baba yake kwa sauti ya chini. Ijumaa mchana majirani Waadventista walikuwa nyumbani wakifua na kupika mapema kwa ajili ya Sabato, na walimwona. Wengine walicheka kidogo. Wengine walimpa ndizi. Hakuna aliyemfukuza, kwa sababu makaburi yao yalikuwa safi kuliko ya vilima vingine.

Mwaka 1999 mzee Nyasani akafa, akazikwa mbele ya nyumba yake, upande wa kulia, karibu na njia. Ijumaa iliyofuata Mama Drusilla alifika pale. Alitazama udongo mpya. Mdomo wake ukakataa kufunguka. Alipita kimya. Ijumaa ya pili alipita kimya, na ya tatu, na baada ya hapo miguu yake ilijifunza kuharakisha mahali pale bila kuambiwa. Katika maungamo alitaja hasira yake kwa jumla, kama watu wengi tunavyofanya, na akaondolewa dhambi kwa jumla. Magugu yakaota juu ya kaburi la Nyasani hadi yakafika magotini. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na mitano.

Mjukuu wa Nyasani aliitwa Walter. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, mwenye pikapu yake, anayepeleka mzigo Daraja Mbili mjini Kisii kila Jumatatu na Alhamisi. Mkewe Sheila alipata mimba tatu, na watoto wote watatu walikufa kabla ya kufikisha juma moja. Wa tatu alizikwa mwishoni mwa Oktoba 2014. Katika kukaa kwake kwenye kilio, Walter alimwona mama mzee akipita njiani na kuharakisha mwendo kando ya kaburi la babu yake, macho chini, midomo imekazwa. Na kwa jirani wa pili akamsikia akinena lugha isiyo Ekegusii, wala Kiswahili, wala Kiingereza.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa ameona jambo la kweli, akalifasiri vibaya. Aliwaambia wenzake sokoni: “Kwa wafu wote anaongea. Kwetu tu ananyamaza. Mtu akinyamaza hivyo miaka yote, kuna kitu anakihifadhi.”

Ijumaa tarehe 7 Novemba 2014, mwezi ambao Kanisa huwakumbuka marehemu wote, vijana kama thelathini walifika kwa Mama Drusilla saa tisa mchana. Walikuwa na mtungi wa petroli. Yeye alikuwa akianika mahindi. Mzee wa kijiji, Abner, Mwadventista na shemasi wa kanisa lake, alipata habari akiwa anakata nyasi za ng'ombe, akaja mbio na mundu mkononi, viatu hana. Alisimama mlangoni.

“Hapa hapachomwi mtu,” alisema. “Mwaka wa surua nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilibeba kuni. Mnataka kunifundisha nini kuhusu moto?”

Walter akasema, “Mogaka, mzee wetu, sisi hatuna neno na wewe. Muulize huyu omong'ina, huyu mama mzee, ananena nini kwenye makaburi yetu.”

“Ni Kilatini,” alijibu Mama Drusilla.

“Kilatini!” mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. “Hata Kiingereza hajui, Kilatini amekitoa wapi?”

“Labda aliletewa na posta,” mwingine akasema, na watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri.

Abner akamgeukia. “Mama Drusilla, maana yake ni nini?”

“Ni sala ya kuwaombea waliokufa.”

“Neno kwa neno?”

Hapa angeweza kusema chochote. Nani pale angemsahihisha? Alijua vizuri kwamba kanisani, kwa Kiswahili, wanasema *raha ya milele uwape ee Bwana*, na alikisia kwamba hiyo ni sala ile ile. Lakini hata hiyo alikuwa akiisema kama mtu anavyopita njia ya nyumbani bila kuangalia miti. Alitazama mtungi wa petroli. Kisha akasema, “Neno kwa neno sijui. Nilipewa na baba yangu, sikuuliza.”

“Mnasikia!” alisema Walter. “Na kwa babu yangu, kwa nini hufungui mdomo?”

Mama Drusilla hakujibu. Waliokuwepo wanasema kimya kile kilitisha kuliko kelele zote, na kwamba mmoja alikuwa ameshaanza kufungua kifuniko. Abner aliinua mundu. “Nampa siku,” alisema. “Hayo maneno yako ni mangapi, mama?”

Alihesabu kwa vidole, akarudia. “Kumi na manne.”

“Basi siku kumi na nne. Ijumaa hiyo, saa sita mchana, tutasikia neno kwa neno, kwa lugha ya nyumbani, na utamjibu Walter swali lake. Usipojibu, mimi nitaondoka mlangoni.”

Paroko alipopata habari alikuja siku ya pili kwa gari, amekasirika, akasema atakuja yeye mwenyewe siku ile na kueleza kila kitu. Mama Drusilla alimwandalia chai, akamshukuru, akakataa. “Padri,” alisema, “aliyeulizwa ni mimi. Ukijibu wewe, watasema padri anamtetea mtu wake. Na mimi nitabaki sijui.” Basi paroko akamwelekeza kwa mwalimu Ogeto.

Mwalimu huyu alikuwa amesoma seminari miaka mitano kabla ya kurudi nyumbani na kuoa. Baada ya kustaafu alianzisha darasa la ngumbaro katika ukumbi wa kanisa la Ekerenyo, saa kumi jioni, kwa watu wazima waliokosa shule. Palikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, wenye mvi wengi, wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mama Drusilla alipoingia na kueleza shida yake, mzee mmoja alisema, “Ala! Sisi bado tuko ba, be, bi, na wewe umerukia lugha ya Papa?” Darasa likaangua kicheko, naye akacheka nao, akaketi. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Ogeto alimpa neno moja kwa siku. Hakumpa zaidi hata alipoomba. Naye alibuni njia yake ya kulishika, njia ya mchuma chai. Chai njema huchumwa majani mawili na chipukizi. Jani gumu la chini huachwa. Basi kila mstari wa chai aliupa neno: jani la kwanza Kilatini, jani la pili Kiswahili, na chipukizi, yaani kile kilicho laini na chenye ladha, Ekegusii. Wachumaji wenzake walimsikia tangu asubuhi, kikapu mgongoni, akisema *requiem*, pumziko, na chipukizi chake. Wakafikiri sasa amechanganyikiwa kabisa. Siku ya pili ilikuwa *aeternam*, la siku zote.

Siku ya tatu lilikuwa *dona*.

“Ni utoe,” alisema Ogeto. “Uwape. Lakini bure, mama. Kama unavyompa ndizi mgeni aliyepita tu njiani.”

“Na kama huyo mgeni hakustahili?”

“Angestahili, ingekuwa haki yake. Hatungekuwa na haja ya kumwombea. Tungemwambia tu Mungu, mpe chake.”

Mama Drusilla aliufunga mkoba wake akaondoka kabla ya somo kwisha. Siku ya nne hakuonekana darasani wala shambani. Alikaa ndani na mlango umefungwa, na mjukuu wake Beverlyne, aliyekuwa akiishi naye, anasema hakula. Miaka kumi na mitano alikuwa akigawa sala ya baba yake kama mali yake: huyu alikuwa jirani mwema, apate, yule alinisaidia kuchimba, apate, Nyasani hapana. Na kumbe kila Ijumaa kinywa chake kilikuwa kikimwambia Mungu *toa bure*, huku miguu yake ikiruka kaburi. Alikuwa ameibeba sala ile zaidi ya nusu karne kama mtu anayebeba barua asiyoweza kuisoma, na barua ilikuwa imeandikiwa yeye.

Siku ya tano alirudi. “Nilikuwa mgonjwa, mwalimu,” alisema.

“Ulikuwa na nini?”

“Lile neno.”

Ogeto akampa maneno mawili siku ile, na kazi ikaendelea. Jioni ya siku ya kumi na tatu alimwandikia jina lake ubaoni, DRUSILLA, naye akalinakili kwa chaki, herufi kubwa zilizopinda, na darasa zima likampigia makofi.

Ijumaa tarehe 21 Novemba ilianza na ukungu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilima kwa siku tisa mfululizo, na watu walikuwa wameanza kulalamika kwamba nguo hazikauki. Saa sita watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamekusanyika kwa Mama Drusilla. Mtungi wa petroli ulikuwepo. Alitoka amevaa kitambaa cheupe cha kichwani na rozari shingoni, akasema, “Hapa si mahali pake. Nifuateni.” Akawaongoza njia ile ile anayopita kila Ijumaa, hadi kwenye boma la Nyasani, hadi kwenye kaburi lenye magugu. Walter alipoona wanapoelekea alikimbia akasimama mbele yake, lakini Abner akamwambia, “Mwache. Siku zake bado zipo.”

Akaanza. Alisema neno kwa Kilatini, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayepanga mayai. *Requiem*, pumziko. *Aeternam*, si la saa moja kivulini, la siku zote. *Dona*, utoe bure. *Eis*, kwa hao. *Domine*, ee Bwana. *Et*, na. *Lux*, mwanga. *Perpetua*, usiozimika. *Luceat*, uangaze. *Eis*, juu ya hao hao. *Requiescant*, wapumzike, batimoke buya. *In pace*, katika amani. “Na *Amen*,” alisema, “mnaijua.”

“Amina,” watu kadhaa walijibu bila kukusudia.

“Hiyo tu?” aliuliza yule mwanamke aliyepiga kelele siku ya kwanza.

“Hiyo tu.”

“Yaani miaka yote hii umekuwa ukimwombea mama yangu alale vizuri, na mimi nilikuwa nikimficha mtoto ukipita?” Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kizuri.

Lakini Walter hakucheka. “Bado swali langu,” alisema. “Kama ni sala njema hivyo, kwa nini babu yangu ulimnyima?”

Mama Drusilla alimtazama. Alijua kwamba ushindi alikuwa nao tayari mkononi, na kwamba jibu la kweli lingeweza kumpokonya. “Walter,” alisema, “wewe ndiye peke yako uliyeona vizuri. Kuna kitu nimekihifadhi juu ya nyumba hii. Si dawa, si uchawi. Ni chuki. Babu yako alimfukuza mama mkwe wangu Ruth, akafa Sondu kama mtu asiye na watoto. Mimi niliahidi baba yangu kwamba sitapita kaburi kimya, na hili nimelipita kimya miaka kumi na mitano. Sikuwaua watoto wako. Lakini nilipowasikia wakilia na kunyamaza, sikuja kukupa pole. Hilo nililifanya. Nisamehe hilo.”

Kisha akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu ya Nyasani. Wa kwanza kusogea alikuwa Sheila. Alivuka mbele ya mumewe, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, akang'oa naye, akilia. Walipomaliza, Mama Drusilla alisimama akasema maneno yote kumi na manne kwa sauti kubwa, ambayo hakuwahi kuitumia. Na alipofika kwenye *lux perpetua*, wingu la siku tisa lilifunguka juu ya boma lile na jua likaanguka juu ya udongo. Wapo wanaosema ni hali ya hewa tu. Waliokuwepo siku ile hawasemi hivyo.

Abner alivua kofia. “Sisi hatuwaombei waliolala,” alisema. “Hilo kila mtu analijua. Lakini kwamba wamepumzika mpaka Bwana aje, hilo ni letu pia, na leo nimelisikia kwa lugha ya Roma. Kesi imekwisha.” Halafu akageukia vijana. “Hiyo petroli mwekeeni Walter kwenye pikapu. Atakuwa na safari.”

Na safari ilikuwepo. Siku ya Jumatatu Walter hakwenda Daraja Mbili. Alikwenda Sondu na Mama Drusilla, wakauliza nyumba kwa nyumba siku mbili, mpaka wakampata bibi kizee aliyemwosha Ruth kwa mikono yake na kupanda mti juu yake ili asipotee. Wakachota udongo wa kaburi ukajaa kikapu cha chai. Paroko aliubariki, na Walter Nyasani, mjukuu wa Nyasani, ndiye aliyekibeba kikapu begani kutoka barabarani hadi bomani kwa Mokua, kilima kizima kikiimba nyuma yake, wa Jumamosi na wa Jumapili pamoja. Udongo ukazikwa upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa wanawake. Ruth alikuwa amerudi nyumbani, baada ya miaka thelathini na mitatu.

Mama Drusilla aliishi miaka saba zaidi. Aliendelea na ngumbaro mpaka akasoma Injili nne peke yake, akifuata mistari kwa kidole. Popote katika Nyamira aliposikia kwamba mama mzee ananyooshewa kidole, alikwenda na wanawake walioanza kuzunguka naye kila Ijumaa, wakaketi mlangoni kwake wakishona na kusali hadi watu wapoe. Wazee wanne wako hai leo, au walikufa kwa uzee vitandani mwao, kwa sababu ya mlango uliokuwa na wanawake. Alipoulizwa alipata wapi ujasiri, alisema, “Nimesoma neno moja tu, *dona*. Mengine yanalifuata.”

Alifariki Ijumaa tarehe 5 Novemba 2021, saa sita mchana, akiwa na miaka sabini na mitatu. Beverlyne alikuwa akimsomea sala ya baba yake, naye aliifuata kwa midomo. Alipofika kwenye *in pace* aliacha kuifuata. Alizikwa kando ya udongo wa Ruth. Kanisa halijasema neno lake juu ya Mama Drusilla, nasi hatulitangulii. Tunaeleza tu yale ambayo watu wa Ekerenyo wameyaona, na ambayo wako tayari kuyaapia.

Katika hayo, moja halina haja ya kiapo, kwa kuwa linatembea. Mwaka 2016 Sheila alizaa mtoto wa kike, mzima, akaishi. Kwetu mtoto huitwa kwa jina la aliyetangulia, ili jina lisife, na ukoo hauchukui jina la adui. Wazee wa nyumba ile walikaa wakangoja Walter ataje jina la mama yake au la shangazi yake. Akataja Ruth.

Basi ndugu msomaji, kama kuna kaburi unalolipita haraka, au mlango, au mtu, simama hapo Ijumaa hii. Hukuombwa kupima kama anastahili. Na kama kuna sala uliyoirithi na hujui maana yake, usione haya kuuliza ukiwa na mvi. Iulize neno kwa neno, nayo itakuuliza wewe. Ukitaka kuona mfano, panda kilima cha Ekerenyo Ijumaa mchana. Utamkuta msichana wa darasa la nne juu ya kaburi la Mama Drusilla, magugu mkononi, akisoma maneno kumi na manne kwenye jiwe kwa sauti, bila kukosea hata moja. Daftari lake huwa kwenye nyasi kando yake, na juu ya jalada, kwa mwandiko wa mtoto, yameandikwa majina mawili ambayo zamani hayakuweza kukaa katika kilima kimoja: Ruth Nyasani.